Kwa Nini Mateka Huambatana na Aliyemteka?

Katika mazungumzo yetu ya leo nataka tulitazame jambo linalowashangaza watu wengi. Lilinishangaza mimi pia, na kwa kutolielewa nilitenda kosa ambalo sijalisahau.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikihudumu katika parishi moja huku kwetu vilimani, mama mmoja kijana alibisha mlangoni petu usiku. Mtoto alikuwa mgongoni, na mdomo wake ulikuwa umepasuka. Mke wangu akampa maji ya moto na mahali pa kulala. Siku ya nne mumewe akaja na kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, na maneno laini. Yule mama akajifunga mtoto, akamfuata. Nilipojaribu kumzuia, hasira yake yote ikaniangukia mimi. “Mchungaji, wewe humjui,” akasema. “Si mtu mbaya. Wewe ndiwe unayetaka kunivunjia nyumba.”

Mambo hayo yalitokea mara tatu. Mara ya tatu, habari zake zilipoletwa katika baraza la kanisa, mzee mmoja akasema, “Huyo anapenda kupigwa.” Watu wakacheka. Nami, mchungaji wake, nikacheka pamoja nao.

Ndugu msikilizaji, kicheko kile ndicho kinachonileta mbele yenu leo. Maana nimejifunza tangu siku ile kwamba hakuna apendaye kupigwa, kama vile hakuna apendaye kutekwa. Kuna jambo jingine linalotendeka katika moyo wa mtu aliyebanwa, na yafaa tulijue kabla hatujafungua vinywa vyetu.

Jambo lenyewe si geni. Wana wa Israeli hawakuwa wamekaa jangwani hata miezi miwili walipoanza kuyakumbuka masufuria ya nyama ya Misri. Wakasahau mijeledi, na watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni, wakaukumbuka mchuzi. Tena, katika sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, Sheria ya Musa inamtaja mtumwa ambaye mwaka wake wa kuachwa huru umefika, naye anakataa kutoka kwa sababu anampenda bwana wake. Huyo hupelekwa mlangoni akatobolewa sikio, naye hubaki mtumwa daima. Nilipokuwa katika chuo cha theolojia niliipita sura hiyo haraka. Sasa nimeisoma polepole, nikaona neno ambalo sikuliona zamani: mke wa mtumwa huyo alipewa na bwana wake, na sheria yasema mke na watoto watabaki kwa bwana. Akitoka, atatoka peke yake. Basi upendo wake kwa bwana wake ulikuwa na ndoana ndani yake.

Wataalamu wa siku hizi walilipa jambo hili jina baada ya kisa kilichotokea katika mji wa Stockholm, nchini Sweden. Tarehe 23 Agosti 1973 mtu mmoja aitwaye Jan-Erik Olsson aliingia katika benki ya Kreditbanken akiwa na bunduki ya rashasha. Akawashika wafanyakazi wanne, wanawake watatu na mwanamume mmoja. Akadai aletewe fedha, na mfungwa mmoja mashuhuri aitwaye Clark Olofsson, naye akaletwa kutoka gerezani. Wote sita wakakaa katika chumba cha kuhifadhia fedha hadi tarehe 28, polisi walipoingiza gesi ya kutoa machozi kupitia matundu waliyotoboa katika dari.

Mateka wote wanne walitoka wazima. Lakini watu waliona ajabu. Kabla ya kutoka, mateka waliwakumbatia watekaji wao, na wakakataa kutangulia nje kwa kuogopa kwamba polisi wangewapiga risasi wale wawili wakibaki nyuma. Siku chache kabla yake, mmoja wa mateka, Kristin Enmark, alikuwa amezungumza kwa simu na waziri mkuu wa nchi, Olof Palme, akamwambia kwamba anawaamini majambazi, na kwamba anachokiogopa ni polisi. Daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akiwashauri polisi, Nils Bejerot, akaieleza hali hiyo, na tangu hapo dunia nzima ikaiita kwa jina la mji huo wa Stockholm.

Sasa tuulize: hutokeaje? Nitataja mambo manne.

Kwanza, uhai wako wote umo mkononi mwa mtu mmoja. Chakula, maji, hata ruhusa ya kwenda msalani, vyote vinatoka kwake. Mtoto mchanga humwambatana mama yake kwa sababu hana mwingine wa kumpa uhai, na mtu mzima aliyebanwa hurudishwa katika hali ile ile. Humsoma mtekaji usoni kuanzia asubuhi hadi jioni: amekasirika, ametulia, atafanya nini sasa? Na ukimsoma mtu hivyo siku nyingi, utaanza kuyaona mambo kwa macho yake. Wazee walisema mfa maji hukamata maji. Hakamati kwa kuyapenda. Hana kingine cha kukamata.

Pili, wema mdogo huonekana mkubwa mno. Kule Stockholm, mateka mmoja aliona baridi, Olsson akamfunika koti lake. Mwingine alilalamika kwamba hawezi kuvumilia kufungiwa chumbani, naye Olsson akamruhusu atembee nje kidogo, akiwa amefungwa kamba shingoni. Mama yule alisimulia baadaye kwamba aliuona huo kuwa wema. Yule mwanamume naye aliambiwa kwamba atapigwa risasi, lakini ya mguuni tu, ili polisi waogope. Alikiri baadaye kwamba moyoni alimwona Olsson kuwa mtu mwema kwa kuchagua mguu. Wapenzi, msicheke. Mtu aliyetazamia kufa, akapewa kuishi, hushukuru, na shukrani haiulizi kwanza ni nani aliyeleta kifo mlangoni. Zile kilo mbili za sukari zilizoletwa nyumbani kwangu zilikuwa na uzito wa namna hiyo.

Tatu, masikio husikia sauti moja tu. Mateka hana jirani wa kumwuliza, “Je, haya ni sawa?” Mtekaji ndiye gazeti lake na ndiye redio yake. Akisema watu wa nje wamekuacha, nani atakanusha?

Nne, mwokozi mwenyewe hutisha. Anayekuja kukuokoa huja na bunduki, na risasi haichagui. Mtekaji umekwisha kumzoea, unajua saa ya hasira yake na saa ya utulivu wake. Mwokozi humjui. Ndiyo maana wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Yafaa pia tujue kwamba kamba hii huvuta pande zote mbili. Olsson mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba ilikuwa vigumu kwake kuwaua watu aliokuwa amekula nao na kuzoeana nao. Basi moyo wa mateka haukuwa mpumbavu. Kule kujenga urafiki kulimsaidia kubaki hai. Hilo likae akilini mwetu.

Lakini Stockholm ni mbali, na siku sita ni chache. Twende kwa jirani zetu wa Uganda, ambako watoto walikaa mikononi mwa watekaji kwa miaka.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa jeshi la Joseph Kony waliivamia shule ya wasichana ya St. Mary’s huko Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakachukua wasichana 139. Naibu wa mwalimu mkuu, mtawa kutoka Italia aitwaye Sista Rachele Fassera, akawafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen. Wakawafikia. Wakaomba, wakasihi, na kamanda akawaachilia wasichana 109. Wale 30 akawabakiza. Sista alirudi shuleni na wale 109, na mtu anaweza kuwaza ilikuwaje kuwapa mgongo wale 30.

Hao walikuwa sehemu ndogo tu. Watoto waliotekwa na jeshi hilo katika miaka ya vita vile walikadiriwa kuwa zaidi ya 20,000. Wengi walitoroka siku za kwanza. Lakini waliokaa miezi na miaka walifungwa kwa ufundi wa kutisha. Walipakwa mafuta, wakaambiwa kwamba roho za Kony sasa zinawajua na zitawaona wakithubutu kukimbia. Wengi walilazimishwa kumpiga, hata kumwua, mwenzao aliyejaribu kutoroka. Wasichana waligawiwa makamanda wawe wake zao, wakazaa. Tena waliambiwa kila siku: nyumbani hamtakiwi tena, mikono yenu ina damu, jeshi la serikali litawaua, na jamaa zenu watawakataa.

Vijana waliorudi walipoulizwa na watafiti, baadhi yao walikiri kwamba wakati fulani walijisikia kuwa watu wa Kony kweli, wakiyaamini maneno yake na kutaka kumpendeza. Waliotekwa wakiwa wadogo walivutwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mtoto hana dunia nyingine ya kulinganisha nayo. Mtu akikua porini, pori huwa ndilo kwao.

Angalieni sana jambo lile la mwisho waliloambiwa, kwamba nyumbani hamtakiwi. Naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Kamba inayomfunga mateka ina ncha mbili. Ncha moja iko mkononi mwa mtekaji, kwa vitisho vyake na wema wake mdogo. Ncha ya pili imefungwa kwenye mlango wa nyumbani, ikiwa mlango huo umefungwa, au mateka akisadiki kwamba umefungwa. Yule mtumwa wa kitabu cha Kutoka alitobolewa sikio mlangoni. Na watekaji wote wenye akili wamejua kwamba si lazima umchunge mtu usiku kucha, ikiwa hana pa kwenda.

Hapa sina budi kutoa tahadhari. Si kila mateka huambatana na aliyemteka. Wengi hawafanyi hivyo. Wengi wa wasichana waliorudi kutoka kwa Kony hawakutaka hata kuwaona tena wale walioitwa waume zao. Wala hali hii si ugonjwa unaotambuliwa rasmi katika vitabu vikuu vya madaktari wa akili. Kristin Enmark mwenyewe, aliyepigiwa mfano duniani kote, alikataa kuitwa mgonjwa. Alisema alikuwa akitafuta njia ya kuishi, na kwamba polisi kwa matendo yao walimpa sababu ya kuwaogopa. Nadhani tumsikilize, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ndani.

Tahadhari ya pili ni hii: kuelewa si kuhalalisha. Dominic Ongwen alitekwa na watu wa Kony akiwa mtoto wa miaka kama tisa, njiani kwenda shuleni. Akakua huko, akawa kamanda, akawateka watoto wa wengine. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani tarehe 4 Februari 2021, na mwezi wa Mei mwaka huo ikamhukumu miaka 25 gerezani. Majaji waliutaja utoto wake ulioharibiwa, nao ukapunguza adhabu yake, lakini haukuifuta hatia. Naona walisema kweli mbili kwa pamoja: kwamba alitendewa uovu, na kwamba alitenda uovu. Nasi tunapaswa kuwa na nafasi moyoni ya kubeba kweli zote mbili.

Sasa, tufanye nini? Turudi Uganda tujifunze. Katika mji wa Gulu, kituo cha redio cha Mega FM kilikuwa na kipindi kilichoitwa kwa Kiacholi “Dwog Cen Paco”, yaani rudi nyumbani. Waliokwisha kutoroka waliletwa kuzungumza kwa sauti zao wenyewe: mimi ni fulani, mnanijua, nimerudi, sikuuawa, nimekula na mama yangu. Wengi waliotoka porini baadaye walisema walisikia sauti hizo. Kwa hiyo mahali palipokuwa na sauti moja, pakawa na sauti ya pili.

Tena Waacholi wana desturi ya zamani: mtu aliyekaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu, akirudi, hukanyaga yai bichi langoni kabla ya kuingia bomani. Waliorudi kutoka porini walipokewa hivyo, wakati mwingine mamia kwa pamoja. Haikufuta mambo yote. Wako waliochekwa na kuitwa majina mabaya baada ya yai kupasuka, na kina mama waliorudi na watoto waliozaliwa porini waliona taabu nyingi. Lakini siku ile, mbele ya watu wote, ukoo ulisema kwa kitendo: mlango uko wazi.

Na yuko mama mmoja, Angelina Atyam, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale 30 wa Aboke. Yeye na wazazi wenzake waliunda chama, wakasema mbele ya dunia bila kunyamaza. Waasi wakamletea neno kwamba akinyamaza, binti yake ataachiliwa. Akakataa, ila wote waachiliwe, kwa maana aliwahesabu wote kuwa watoto wake. Binti huyo alirudi mwaka 2004, karibu miaka minane baadaye, akiwa mwenyewe ni mama. Naye aliukuta mlango haujafungwa.

Wapenzi wa Kisii na Nyamira, sisi hatuna Kony. Lakini nirudi kwa yule mama wa parishi yangu. Baada ya miezi mingi alibisha tena, usiku wa mvua, mara ya nne. Mke wangu alinitangulia mlangoni. Hakumwuliza kwa nini alirudi kule, wala kwa nini amekuja. Aliuliza tu, “Mtoto amekula?” Mama yule akaketi, akalia, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, akatueleza.

Alitueleza kwamba ile mara ya kwanza, kabla ya kuja kwetu, alikuwa amekwenda kwao. Baba yake akamwambia arudi kwa mumewe, kwa sababu ng’ombe wa mahari yake walikuwa wamekwisha kutumika kumwolea kaka yake. Akirudi yeye, ng’ombe watadaiwa, na nyumba ya kaka itavunjika. Mama yake mzazi alinyamaza. Basi akaja kanisani. Na baada ya mara ya tatu akasikia kwamba barazani tulicheka.

Sasa mnaona, ndugu zangu. Mume aliishika ncha moja ya kamba. Ya pili tuliifunga sisi: baba yake kwa ng’ombe, na mimi kwa kicheko. Alipomtetea mume wake mbele yangu hakuwa mjinga. Alikuwa amehesabu milango, akaona ni mmoja tu uliobaki, nao ni ule wa kwake yeye ampigaye. Mtu akibakiwa na mlango mmoja, hujitahidi kumpenda mwenye mlango.

Nilimwomba msamaha usiku ule. Baadaye nilimwomba tena mbele ya baraza, kwa kuwa nilicheka mbele ya baraza. Baba yake alikuja kusikia, ingawa si kwa siku moja, na habari za ng’ombe zikazungumzwa na wazee wa pande mbili, kama zilivyopaswa kuzungumzwa tangu mwanzo. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani yamwezesha mtu kama yeye kwenda mahakamani kuomba ulinzi, na tulimsindikiza. Lakini sheria isingemsaidia kama hangekuwa na kitanda cha kulalia.

Basi, nawaombeni mambo matatu. Mtu akirudi kwa anayemtesa, msimcheke, wala msiseme anapenda. Akija tena, hata mara ya kumi, msianze na maswali. Anzeni na chakula. Na ninyi akina baba mliopokea ng’ombe, mwambieni binti yenu leo, angali salama, kwamba lango la kwao halifungwi kwa ng’ombe. Neno hilo mkilisema mapema, mtakuwa mmekwisha kuifungua ncha iliyo mkononi mwenu. Ile nyingine tutaifungua pamoja naye, polepole.

Mungu mwenyewe, aliyewavumilia wana wa Israeli waliponung’unika na kuyatamani masufuria ya Misri, hakuwarudisha Misri kwa hasira, bali asubuhi aliwapa mana. Atupe nasi uvumilivu huo. Hadi tutakapokutana tena, lalani salama, na Bwana awabariki. Amina.